Bastola ya mfukoni: ndogo kuliko zote si ya anayeanza

Sisi watu wa Afrika Mashariki tunaoishi hapa Houston tukikutana na mazungumzo yakageukia silaha, swali ninaloulizwa kuliko mengine yote ni hili: ni bastola ipi iliyo ndogo kabisa, ambayo mtu anaweza kuitia mfukoni na kuendelea na shughuli zake bila yeyote kujua kwamba ameibeba? Swali hilo lina msingi, kwa sababu joto la hapa halimruhusu mtu kuvaa koti ili afiche kitu kiunoni kwa miezi mingi ya mwaka, kazi zetu nyingi ni za kuinama na kuinuka, na anayefunga duka usiku peke yake huku ameshika mauzo ya siku nzima ana haki ya kufikiria usalama wake. Hata hivyo, jibu langu huwa halifanani na lile wanalopewa dukani. Muuzaji akimwona mwanamke, mzee au mgeni ambaye hajawahi kushika silaha, mara nyingi humpa bastola ndogo na nyepesi kuliko zote zilizo kabatini, akidhani kwamba kitu kidogo kitamfaa mtu mwenye mkono mdogo au asiye na uzoefu. Mimi naamini ni kinyume chake. Bastola ndogo kabisa ndiyo ngumu kuliko zote kuipiga vizuri, na anayeifaidi ni mtu ambaye tayari amefanya mazoezi mengi na bastola kubwa.

Kabla ya kuzungumzia bastola zenyewe, kila mmoja wetu lazima ajue kama sheria inamruhusu, kwa kuwa jambo hili kwetu sisi wahamiaji lina uzito ambao jirani mzaliwa wa Texas halazimiki kuufikiria. Sheria ya jimbo iliyoanza kutumika tarehe 1 Septemba 2021 ilimruhusu mtu wa miaka 21 na zaidi, ambaye hakatazwi na sheria kumiliki silaha, kubeba bastola bila kibali. Wengi wameishia kusoma hapo tu. Sheria ya shirikisho ina makatazo yake: mtu aliyemo nchini kinyume cha sheria haruhusiwi kumiliki silaha wala risasi, na mwenye viza ya muda, kama ya mwanafunzi au ya mtalii, naye hakatazwi kidogo, bali anakatazwa kabisa isipokuwa awe katika mojawapo ya hali chache zilizotajwa, kama vile kuwa na leseni halali ya uwindaji. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa kununua na kubeba, na hujaza Fomu 4473 ya kununulia silaha, ileile inayojazwa na raia, kisha taarifa zake hukaguliwa. Lakini ajue kwamba kosa la silaha ambalo raia angelilipia faini au kulitumikia kifungo na likaisha, yeye linaweza kumfukuzisha nchini. Aliyewahi kupatikana na hatia ya kumpiga mwenzi wake, hata kama mahakama ililiita kosa dogo, haruhusiwi kushika silaha.

Ingawa kibali si cha lazima, mimi huwahimiza watu wakichukue. Majimbo mengine mengi hukitambua, na sheria ya shirikisho kuhusu maeneo ya shule, ambayo inakataza silaha ndani ya umbali wa takriban mita 300 kutoka shuleni, humwachia mtu aliyepewa kibali na jimbo lake lakini haimtaji anayebeba bila kibali. Kwa mzazi anayepeleka watoto shule kila asubuhi, hilo si jambo la kupuuza. Tena kibali kinamlazimu mtu akae darasani na kupiga risasi 50 mbele ya mkufunzi, kutoka yadi 3, yadi 7 na yadi 15, na hapo kwenye yadi 15, yaani karibu mita 14, ndipo bastola ya mfukoni inapomfundisha mmiliki wake ukweli wote.

Ukweli huo unaanzia kwenye uzito. Risasi inapotoka mbele, bastola husukumwa nyuma, na kadiri bastola ilivyo nyepesi ndivyo inavyorudi kwa kasi zaidi dhidi ya kiganja. Ukipunguza uzito wa bastola kwa nusu huku risasi ikibaki ileile, nishati ya ule msukumo unaokupiga mkononi inakuwa kama mara mbili. Ruger LCP, ambayo ilitolewa mwaka 2008 na ikaenea kwa kasi kubwa, ina uzito usiofika gramu 270 ikiwa haina risasi, na kabla yake Kel-Tec wa Florida walikwisha kutoa P-3AT mwaka 2003 ambayo ni nyepesi zaidi. Hizi ni kazi za ufundi zinazostahili heshima, kwa sababu kuipunguza bastola hadi kiasi hicho huku ikifanya kazi bila kukwama si jambo rahisi. Lakini mpini wake ni mfupi kiasi kwamba kidole cha mwisho, na mara nyingine hata kile kinachofuata, hakina pa kushika. Vilengeo vyake ni vidogo na vimekaribiana, hivyo kosa dogo la jicho au la mkono huwa kosa kubwa kwenye shabaha. Mtutu ni mfupi, na aliyezoea kushika bastola kubwa kwa mikono miwili anaweza kujikuta kidole cha mkono wa pili kimesogea karibu na mdomo wa mtutu, jambo ambalo ni la hatari kweli na ambalo mimi hulikagua kwa kila mwanafunzi kabla sijamruhusu kupakia risasi.

Kuna suala la pili ambalo hutajwa mara chache, nalo ni nguvu zinazohitajika kukoki, yaani kuvuta nyuma sehemu ya juu ya bastola na kuiachia ili risasi iingie kwenye mtutu. Watu hudhani kwamba bastola ndogo ni laini kukoki kwa sababu ni ndogo, na wengine hufikiri kwamba kwa kuwa risasi ya .380, ambayo LCP huitumia (namba za aina hii hutaja kwa makadirio kipenyo cha risasi kwa inchi), ni dhaifu kuliko ile ya milimita 9 ya kawaida, basi springi yake lazima iwe dhaifu. Inategemea jinsi bastola ilivyoundwa. Katika muundo wa zamani, ambao Walther PPK ya mwaka 1931 ni mfano wake mashuhuri, hakuna kitu kinachoufunga mtutu na ile sehemu ya juu inayovutwa nyuma, ambayo wengi tunaiita slaidi. Kinachoizuia slaidi isifunguke kabla risasi haijatoka ni uzito wake na ukali wa springi tu, na kwa hiyo springi ni kali. Katika muundo wa pili, ambao LCP na Glock 42 zinautumia, mtutu na slaidi hufungamana kwa kitambo kidogo sana na kurudi nyuma pamoja kabla ya kuachana, na hivyo springi inaweza kuwa laini zaidi. Hata hivyo kwenye LCP slaidi ni fupi na nyembamba, hakuna mahali pa kutosha pa kuishika, na mtu mwenye vidole vya jasho au vyenye baridi yabisi atahangaika nayo ingawa springi si kali sana. Mzee ambaye hawezi kabisa kukoki anaweza kuitazama Beretta Tomcat ya .32, ambayo mtutu wake huinuka kwa kusukuma wenzo mdogo wa pembeni, risasi ikatiwa moja kwa moja ndani ya mtutu, kisha ukabonyezwa chini. Risasi yake ni ndogo, lakini anayeweza kuitumia amepata kitu kuliko anayemiliki bastola asiyoweza kuipakia.

Bastola za mfukoni zina historia ndefu katika nchi hii, na sehemu ya historia hiyo inaeleza kwa nini kabati la dukani linaonekana lilivyo leo. Bastola aliyoitumia muuaji wa Rais Lincoln tarehe 14 Aprili 1865 ilikuwa ya mfukoni, yenye risasi moja, kutoka karakana ya Henry Deringer wa Philadelphia. Risasi ya .380 yenyewe ilibuniwa na John Browning na kuingizwa sokoni na Colt mwaka 1908. Kipenyo chake ni kama cha ile ya milimita 9, ila ganda lake lina urefu wa milimita 17 badala ya 19, na hivyo baruti yake ni kidogo. Baadaye, sheria ya mwaka 1968 iliweka mfumo wa alama kwa bastola zinazoingizwa kutoka nje, ambapo udogo na wepesi huipunguzia bastola alama. PPK ikashindwa kuingia, na Walther wakaunganisha slaidi yake na kiunzi, yaani sehemu ya chini yenye mpini, kikubwa zaidi cha bastola yao ya PP ili wapate PPK/S iliyokubalika. Ndiyo sababu pia Glock, ambao ni Waaustria, walipotaka kuwauzia Wamarekani bastola ndogo ya .380 mwaka 2014, waliitengeneza Glock 42 hapahapa Marekani, katika kiwanda chao cha Smyrna, Georgia. Soko la bastola za mfukoni hapa linatawaliwa na zinazotengenezwa ndani kwa sababu ya sheria hiyo, na mnunuzi akiliona hilo hatashangaa kwa nini bastola ndogo anazozijua kutoka Ulaya ni adimu.

Shemeji yangu ana duka la vyakula vya nyumbani, ambako watu hufuata unga, majani ya chai na samaki wa kukaushwa, na alipoamua kununua bastola aliniambia tayari amekwisha kuchagua ile ndogo kuliko zote kwa sababu inaingia kwenye mfuko wa suruali bila kuonekana. Nilimwomba asinunue kwanza. Viwanja vingi vya shabaha katika Texas hukodisha bastola kwa ada ndogo, na hakuna pesa inayomwokolea mnunuzi hasara kama hiyo. Tulizijaribu nne kwa mpangilio, tukianzia ile kubwa.

SIG P365, iliyotoka mwaka 2018 na kuwashangaza watu kwa kubeba risasi 10 za milimita 9 kwenye magazini ya bastola yenye urefu usiofika sentimita 15, ilimtulia mkononi vizuri na alipiga shabaha kwa uhakika, lakini uzito wake wa takriban gramu 500 kabla ya risasi uliivuta suruali yake ya kazini chini, na unene wake ulijichora kwenye kitambaa. Kwa mwanamume mwenye mifuko mikubwa ningeipendekeza bila kusita. Glock 42 ina uzito wa gramu 390 hivi ikiwa na magazini tupu, hubeba risasi 6 kwenye magazini na 1 kwenye chemba, yaani nyuma ya mtutu tayari kufyatuliwa, na shemeji aliipiga karibu sawa na ile ya kwanza, akiwa ametulia na bila kufumba macho. Ya tatu ilikuwa rivolva, yaani bastola ambayo risasi hukaa kwenye silinda inayozunguka, ya Smith & Wesson 642, yenye risasi 5 za .38, ambayo ina sifa kadhaa za kipekee kwa mfukoni: nyundo yake imefunikwa hivyo haina cha kunasa kwenye kitambaa, haina slaidi ya kukoki, na ikilazimu inaweza kufyatuliwa ikiwa ndani ya mfuko bila kukwama kama inavyoweza kukwama bastola ya slaidi. Lakini kifyatuo chake kinahitaji kuvutwa kwa nguvu ya kilo 5 hivi, safari ndefu kwa kidole kimoja, na kiunzi chake cha aluminiamu hakimezi kishindo. Shemeji alipiga silinda moja akaiweka mezani. Ya mwisho ilikuwa LCP aliyokuwa ameichagua. Kutoka yadi 3 alifaulu. Kutoka yadi 7 matundu yalitawanyika kwenye karatasi nzima. Na alipomaliza magazini ya pili alikuwa anaanza kufumba macho kabla ya kufyatua, ambayo ni dalili kwamba mwili umeanza kukiogopa kishindo, na tabia hiyo ikishaota mizizi huchukua muda mrefu kuing'oa.

Alinunua Glock 42. Sisemi kwamba kila mtu ainunue. Nasema kwamba uamuzi ulitoka kwenye karatasi ya shabaha na kwenye mfuko wa suruali yake mwenyewe, si kwenye maneno ya muuzaji wala kwenye maneno yangu. Kanuni ninayoifuata ni kuchagua bastola kubwa kuliko zote ambayo mfuko wako utaikubali, kwa sababu kila gramu na kila sentimita unayoongeza inakurudishia utulivu wa mkono. Anayevaa sare nyepesi isiyo na mfuko wa maana, na ambaye kweli hana nafasi ya kitu kikubwa zaidi, sasa ana bahati ambayo hatukuwa nayo zamani: Ruger LCP Max ya mwaka 2021 hubeba risasi 10 kwenye magazini ikiwa na uzito wa gramu 300 tu, na ina vilengeo vinavyoonekana, na Smith & Wesson Bodyguard 2.0 ya mwaka 2024 imefuata njia hiyohiyo. Hizo ni ndogo zilizofikiriwa upya, na ni bora sana kuliko kizazi kilichotangulia.

Ukinunua iliyotumika, jambo ambalo wengi wetu hufanya ili kupunguza gharama, angalia historia ya toleo lenyewe. LCP za mwanzo, kwa mfano, ziliitwa kiwandani na Ruger wenyewe mwaka 2008 kwa sababu zingeweza kufyatuka zikianguka, na marekebisho yalifanywa bure. Bastola ya mfukoni ni rahisi kuanguka kuliko ya kiunoni, hivyo namba ya usajili iliyochongwa kwenye kiunzi inastahili kulinganishwa na tangazo la mtengenezaji kabla ya kutoa pesa.

Kuhusu risasi, nitasema kwa ufupi kwa sababu watu hubishana kuliko inavyohitajika. Baada ya mapambano ya Miami ya tarehe 11 Aprili 1986, ambapo maafisa wawili wa FBI waliuawa ingawa mmoja wa wahalifu alikuwa amekwisha kupigwa risasi mapema katika mapambano hayo, shirika hilo liliweka kipimo kwamba risasi nzuri ya bastola ipenye kwenye jelatini, inayotumika majaribioni badala ya nyama ya mwili, angalau inchi 12 na isizidi 18, yaani kati ya sentimita 30 na 45. Risasi ya .380 kutoka mtutu mfupi hupata shida kwenye kipimo hicho: ile yenye tundu kichwani, inayopanuka, mara nyingi huishia karibu mno, na ile ya kichwa cha mviringo hupenya zaidi lakini haipanuki. Kwa hiyo aliye na .380 anahitaji kulenga vizuri kuliko aliye na ya milimita 9, si kidogo kuliko yeye. Hapo pia udogo unamdai mbebaji ustadi zaidi. Na jingine la kujua ni kwamba risasi za .380 kwa kawaida ni ghali kuliko za milimita 9, kwa kuwa hutengenezwa chache, hivyo bajeti ya mazoezi ihesabiwe kabla ya bajeti ya bastola. Usiiamini bastola mpya kabla haijapitisha risasi kama 200 bila kukwama, zikiwemo za aina ileile utakayobeba.

Sasa nifike kwenye mfuko wenyewe, ambako makosa mabaya zaidi hutokea. Bastola haitiwi mfukoni bila ala. Ala ya mfukoni ni kifuko cha ngozi au cha kitambaa kigumu kinachokifunika kifyatuo pande zote, kinachoishika bastola isimame wima, na ambacho sehemu yake ya nje hukwaruza kitambaa cha mfuko ili bastola ikichomolewa ala ibaki ndani. Pia huvunja umbo, hivyo anayetazama huona kama simu au pochi. Bastola nyingi za sasa hazina sefti ya kidole. Kinga yake iko ndani ya mashine na kwenye kifyatuo, na kifyatuo kisichofunikwa kinaweza kuvutwa na funguo, kalamu au sarafu. Kwa sababu hiyo mfuko wenye bastola haukai na kitu kingine chochote, hata leso. Wala bastola hairudishwi kwenye ala iliyo mfukoni: ala hutolewa, bastola ikaingizwa humo taratibu huku mdomo ukielekea mahali salama, kisha vyote viwili vikarudi mfukoni pamoja. Mfuko ni wa mbele, upande wa mkono wenye nguvu. Mfuko wa nyuma humfanya mtu aikalie bastola yake, na ukiwa umekaa garini hata ule wa mbele ni mgumu kuufikia, jambo ambalo dereva wa teksi analazimika kulijaribu na bastola isiyo na risasi kabla hajaamua kwamba mfuko unamfaa. Vumbi na nyuzi za kitambaa hukusanyika kwenye mtutu na kwenye magazini haraka kuliko watu wanavyodhani, hivyo usafi wa mara kwa mara ni sehemu ya ubebaji wenyewe.

Kina mama na kina dada wengi huniuliza kuhusu mkoba. Jibu langu ni hapana, na nalisema kwa moyo mzito. Tarehe 30 Desemba 2014, huko Hayden, Idaho, mama kijana aliuawa ndani ya duka kubwa na mwanawe wa miaka 2 aliyeingiza mkono kwenye mkoba uliokuwa ndani ya toroli na kuifikia bastola ndogo, ingawa mkoba huo ulikuwa umetengenezwa maalumu kwa kubebea silaha. Mkoba huwekwa chini, huning'inizwa kwenye kiti, huporwa, hupekuliwa na watoto wanaotafuta peremende. Silaha isiyokuwa mwilini haina mlinzi. Koti nalo liko katika hukumu hiyohiyo, hasa katika mikusanyiko yetu, ambapo kwenye msiba au sherehe makoti ya wageni hulundikwa kitandani katika chumba ambacho watoto wote wa nyumba huchezea. Sheria ya Texas inamhesabu kuwa na kosa mtu anayemwezesha mtoto wa chini ya miaka 17 kuifikia silaha yenye risasi kwa uzembe wake, lakini hofu ya sheria isiwe ndiyo inayotuongoza hapa. Ukifika nyumbani, bastola itoke mfukoni na iingie moja kwa moja kwenye kasha la chuma linalofungwa, lililofungiwa mahali pasipohamishika, kabla hujavua viatu.

Kuna sehemu ambazo huruhusiwi kuingia nayo, na udogo wake haubadilishi chochote: mahakama, shule, vituo vya kupigia kura, magereza, na baa au mahali popote ambapo asilimia 51 au zaidi ya mapato hutokana na pombe inayonywewa hapo, ambako kuna bango lenye namba 51 kubwa kwa rangi nyekundu. Duka au kanisa linaweza pia kukataza kwa bango lake. Uwanja wa ndege nao unatuhusu sana, sisi tunaosafiri kwenda nyumbani na mizigo mingi. Mwaka 2023 wakaguzi wa viwanja vya ndege nchini Marekani walikamata silaha 6,737 kwenye vituo vya ukaguzi, nyingi zikiwa na risasi ndani, na viwanja vya Atlanta, Dallas na Houston vilikuwa juu kwenye orodha. Wengi wa wanaokamatwa husema walisahau, na naamini ni kweli, kwa sababu bastola ya gramu 300 ndani ya begi lenye zawadi za ndugu husahaulika kirahisi. Begi linalowahi kubeba bastola lisipande ndege kamwe kama begi la mkononi. Na kibali cha Texas hakina nguvu yoyote Nairobi wala Dar es Salaam: Kenya ina Bodi yake ya Leseni za Silaha, Tanzania ina sheria yake ya mwaka 2015, na anayeingia na bastola bila idhini ya nchi husika anaingia gerezani, hata kama alikuwa mwenye haki zote asubuhi alipoondoka Houston.

Aliyekwisha kuchagua, basi, apange siku ya mwezi ya kwenda uwanjani, aanze na bastola kubwa ya .22 kama anaweza kuikodi ili mkono usijifunze kuogopa, amalizie na ile ya mfukoni kwa risasi chache zilizopigwa kwa makini. Nyumbani, baada ya kuhakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba chemba ni tupu na risasi zote ziko chumba kingine, ajizoeze kuichomoa kwenye mfuko wa nguo anayoivaa kazini, si ya mazoezi, kwa kuwa mfuko wa jinzi iliyobana na mfuko wa suruali ya kazi ni vitu viwili tofauti kabisa. Shemeji hupenda kufanya hivyo Jumapili asubuhi kabla ya kwenda kufungua duka, na mwezi uliopita alibadilisha suruali zote za kazi akashonesha mifuko mipya yenye kina zaidi, kwa fundi mmoja Mkongo anayeshona mtaa wa pili kutoka kwake.